Muungano Usio na Kichwa wala Miguu

Jumatatu, 4 Machi
Wametuunganisha! Sisi mafundi wa kompyuta za mezani, watu wa bisibisi na vumbi, tumechanganywa na kampuni ya waandika programu, watu wasiojua hata waya unachomekwa wapi. Hakuna akili hapo. Mkurugenzi kasema mkuu wa ufundi atabaki mmoja tu: mimi, au mkuu wao, bwana mmoja tuliyekwisha kumbatiza Manukato. Kiti nimekikalia miaka! Wivu sina. Ila shati lake halijikunji hata akiinama. Kwa nini?

Jumanne, 5 Machi
Manukato kaniamkia, kaniita kaka mkubwa. Mnafiki! Mafundi wangu wamecheka utani wake mpaka machozi. Utani huohuo niliwapa mimi mwaka jana wakati wa chakula, wakaendelea kutafuna. Jioni mke wangu kaniuliza kama Manukato ndiye yule mtanashati aliyemfungulia mlango mchana aliponiletea funguo kazini. Nimesusa chakula. Roho inaniuma kama jino bovu.

Jumatano, 6 Machi
Dawa yake nimeipata. Kesho kila upande unaonyesha kazi zake mbele ya wanahisa. Akianza tu kuringa, nazima swichi kuu ya umeme pale ukumbini. Skrini nyeusi, yeye mdomo wazi! Muungano utavunjika wenyewe, na kiti kitabaki changu.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Nimezima kweli. Kompyuta zangu za mezani zikafa zote papo hapo, mafundi wangu wakabaki wanatazamana. Zake ni zile za kukunja. Zina betri! Fundi mzima, sikuliwaza hilo! Manukato hakukatiza hata sentensi. Kisha akageuka, akaniona mkono ungali kwenye swichi. Akawaambia wanahisa kwamba lile ni jaribio, tumelipanga sisi wawili, ili waone jinsi kila upande unavyomhitaji mwenzake: umeme ukikatika kazi inaendelea kwao, na wa kuurudisha ni sisi. Wakapiga makofi! Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Ijumaa, 8 Machi
Wanahisa wameupitisha muungano. Mkuu ni Manukato. Mimi msaidizi wake, tena kwa ombi lake mwenyewe. Mke wangu anasema nikamwombe radhi mtoto wa watu na nimshukuru, maana bila yeye ningekuwa nimefukuzwa kazi sasa hivi. Nimewaza sana. Mtu anakuona ukimharibia, halafu anakufichia siri? Huyo ananiogopa. Jumatatu nazima mtandao.