Nimelieleza Pazia Habari za Prosesa

Leo aibu imenikuta nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kaeni vizuri niwasimulie.

Mnamjua Rukia, yule tuliyesoma naye darasa la jioni la kompyuta. (Mnamjua. Nimemtaja kila siku tangu tumalize.) Alikaa dawati la mbele yangu, na nusu ya masomo yale niliyasoma mgongoni mwa mtandio wake. Jumamosi anahamia Nairobi kuanza kazi.

Asubuhi akaniletea ujumbe: "Nimeona kompyuta mbili dukani. Zafanana, ila wasema prosesa ya hii mpya imefinyizwa ikawa ndogo, kwa hivyo ina kasi ajabu. Ni kweli? Pita nyumbani alasiri unieleze."

Wallahi nilioga mpaka tangi likakauka. Udi niliojifukiza, majirani wa mtaa wetu wa Ziwa la Ng'ombe walidhani kuna harusi. Nikabana kwapani na cheti changu cha darasa lile, fremu na kioo chake, endapo atataka ushahidi.

Kwao Kisauni mgeni mwanamume haingii ovyo. Unakaa barazani, mlangoni pana pazia, mwenyeji yuko upande wa pili. Nikabisha hodi. Sauti ikaja, ile ile ya darasani.

"Karibu. Keti hapo hapo. Haya eleza, nakusikiliza."

Sasa, mimi mnanijua kwa chumvi. Samaki nikimvua ni changu mdogo, nikimsimulia ni papa. Lakini Rukia sikutaka kumdanganya. Nikamwambia prosesa ni swichi nyingi mno zilizopangwa kwenye kipande kidogo kama ukucha. Wakiichora ramani ile ile kwa udogo zaidi, swichi zinasogeleana. Umeme unapita njia fupi, unatumika kidogo, joto linapungua. Ndipo wanapata nafasi ya kuiongezea mwendo.

"Lakini mwendo wenyewe ni kidogo," nikasema. "Ramani ni ile ile. Betri itakaa zaidi na mapaja hayatakuungua. Hiyo kasi ya ajabu ni maneno ya muuza duka."

Pazia likajibu, "Mm."

Sijapata kusikia "Mm" tamu kama ile. Ikanipa ushujaa nisiokuwa nao.

"Waona, Rukia, vitu vikikaa karibu havihitaji nguvu nyingi kuelewana. Darasani nilikuwa nyuma yako tu, sikuhitaji kusema kitu. Sasa wenda Nairobi. Njia itakuwa ndefu, na atakayepata joto ni mimi. Tangu nisikie safari hiyo silali. Nikipita pale darasani nikakuta taa zinawaka, nasimama nje kama mtu aliyesahau kitu ndani."

Nasikia feni tu. Nikajua analia. (Nilikuwa na hakika. Nilishaanza kutafuta leso mfukoni.)

"Mm," likasema pazia.

"Sema neno basi, Rukia."

Pazia likafunguka. Aliyekaa pale ni bibi yake, Bi. Mwanasha, sinia la mchele mapajani, anachambua.

"Rukia katoka kwa mlango wa uani, baba, punde tu ulipoanza. Mwenye duka kampigia simu, kuna mtu mwingine azitaka zile kompyuta. Kaniambia, Bibi nisikilizie, kisha unipigie unipe jawabu."

"Shikamoo, Bibi." Ndilo neno pekee lililobaki kichwani.

"Marahaba. Ya mashine nimeyashika. Lakini hili la kutolala." Akaokota chuya, akaitazama, akaitupa. "Nalo ni la mashine?"

Jamani, mlango ulikuwa wazi. Pazia lenyewe limeshafunguliwa. Nilihitaji kusema, "La, Bibi, hilo ni langu," basi. Mimi, ninayeweza kumsimulia papa kwa saa nzima.

"Ndiyo, Bibi," nikasema. "La mashine."

Akanitazama mpaka udi wote ukaniisha mwilini. "Haya. Basi hilo sitamwambia, asije akaogopa kununua. Na cheti chako usikisahau hapo."

Nimefika nyumbani magharibi, ujumbe wa Rukia umenitangulia: "Bibi kanieleza vizuri sana. Nimechukua ile ya zamani, maana wasema tofauti ni ndogo. Ahsante kaka."

Kaka.

Nimeusoma ujumbe huo mpaka simu ikapata moto, na prosesa yake ni ya zile zilizofinyizwa. Cheti nimekirudisha ukutani, kimekaa upande na sina nguvu za kukinyoosha. Hapa nasikia mtu anaadhini, nakumbuka kwamba wakati huu ndio tulikuwa tukiingia darasani, na yeye huchelewa kidogo, na mimi huweka mfuko wangu juu ya kiti chake asije akakikalia mwingine.

Kwa hivyo msinicheke. Ila mwenye kupita Kisauni kabla ya Jumamosi, amwambie Bi. Mwanasha kwamba yule fundi wa barazani alikosea kidogo: lile la kutolala si la mashine.