Tuzo za Kibomet kwa Filamu Zilizopuuzwa

Jumatatu, 27 Februari 2006

Mabenchi matupu tena! Watazamaji wachache wa kuhurumiwa, na mmoja alilala kabla sijaweka kaseti. Wengine wote wako ng'ambo ya barabara kwa Wekoye. Amenunua televisheni pana kama mlango, na ameleta mtu kutoka Bungoma wa kutafsiri filamu kwa kupiga makelele. Huyo mtu haelewi Kichina hata kidogo. Anatunga tu! Na watu wanapenda.

Mchana alikuja Mary Ann, mwenye nyumba, akapima chumba kwa kamba. Akasema msimu wa kupanda umefika na kuna bwana anayetaka mahali pa kuuzia mbegu na mbolea. Kama Jumapili mabenchi hayatajaa, nianze kufungasha. Alisema kwa upole kwa sababu ni mtu wa kanisa. Afadhali angenitukana.

Nikipoteza ukumbi huu wa Amani Video sijui nitakuwa nani. Mabenchi nilipigilia misumari mwenyewe, ndiyo maana yameinama. Nitarudi kuwa Gathii wa kupakia magunia.

Jioni, wazo! Nyama ilikuja imefungwa kwa gazeti, na gazeti linasema Jumapili hiyo hiyo Wamarekani wanagawa tuzo za sinema. Mwandishi analalamika kwamba filamu bora huwa hazitajwi kamwe, hasa za zamani. Nilisoma yote, hata palipokuwa na damu. Nani anajua kupuuzwa kuliko watu wa Kibomet, mtaa huu wa pembeni mwa Kitale? Nitaanzisha Tuzo za Kibomet, za filamu zilizopuuzwa! Jumapili, baada ya kanisa. Zawadi: jogoo.

Wacuka, mke wangu, aliuliza jogoo wa nani. Nikamwambia asilete siasa ndani ya sanaa.

Jumanne, 28 Februari

Nimeandika tangazo kwenye katoni na kulitundika mlangoni. Leo nimeanza kuonyesha filamu zinazoshindania tuzo. Ya kwanza ilitoka katika kaseti alizoniachia padre mmoja aliporudi kwao: filamu ya kale, nyeusi na nyeupe, isiyo na maneno. Mwoka mikate mzee anaoka wakati wa vita, na anawalisha askari wa pande zote mbili. Uso wake peke yake unatosha kukuliza. Hakuna mtu anayepiga mtu teke, ni mikono tu ikikanda unga. Mimi huitazama peke yangu Wacuka akienda sokoni.

Walikuja watu kumi hivi. Dakika za kwanza walivumilia. Halafu Kimutai, fundi wa baiskeli, akainuka kwa heshima kabisa, akaenda akaipiga televisheni ubavuni ili rangi irudi. Haikurudi. Akapiga tena. Mwingine akasema hata sauti imekufa, hii kitu ipelekwe kwa fundi. Nikaeleza kwamba ndivyo ilivyotengenezwa. Walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe kipofu.

Hata hivyo walikaa! Mwanzoni kwa sababu ya mvua, halafu kwa sababu ya mwoka mikate. Niliona Kimutai akifuta macho, akisingizia vumbi. Kabla ya mwisho nikasimamisha kaseti, nikasema vita vimekwisha na mzee yuko salama. Makofi! Nimelala mchana nikiwa mtu mwenye raha.

Alhamisi, 2 Machi

Wekoye ni nyoka. Ametangaza mtaani kwamba mwoka mikate anakufa mwishoni. Aliiona filamu hiyo zamani kwa padre huyo huyo.

Leo watu walijaa, lakini walikuja na nyuso za mahakamani. Kimutai alitaka kaseti iendelee hadi mwisho. Sheria ya ukumbi wowote wa video toka Kitale mpaka Bungoma inajulikana: stering, yule shujaa mkuu wa filamu, hafi. Stering anaweza kupigwa risasi, kuanguka mlimani, kuchomwa. Lakini hafi. Nikabonyeza kitufe. Mzee akafa, ndevu zimejaa unga, mkate bado uko motoni.

Kelele! "Stering hafi, bana!" Mama mmoja akasema kaseti ni bandia, kwa sababu filamu halali haiwezi kumuua stering wake. Benchi moja limevunjika. Nilijaribu kusema kwamba hapo ndipo uzuri wenyewe ulipo. Walitoka wote wakavuka barabara, na Wekoye alisimama mlangoni pake akiwapokea kama bwana harusi.

Mary Ann alipita jioni na yule bwana wa mbolea. Wakajadili mahali pa kuweka rafu. Mbele yangu!

Ijumaa, 3 Machi

Penye nia pana njia, na yangu ilipita Bungoma. Nimekumbuka lile gari la sinema la serikali la enzi za utoto wetu, lililokuwa likizunguka vijijini na kutundika shuka jeupe uwanjani, likatuonyesha filamu za kilimo. Ni filamu gani iliyopuuzwa kuliko hizo? Na waliocheza ni watu wetu wenyewe!

Dereva wa lile gari ni Mzee Wepukhulu, sasa amestaafu kule Kabuchai, shamba lake la miwa linamfunika hadi kofia. Alinipa chai na viazi vitamu, akasema ofisi ilipotupa mashine za lile gari ilimpa filamu moja iliyohamishiwa kwenye kaseti, ya kumuaga. Hajawahi kuitazama kwa sababu hana mashine, na enzi zile filamu ikianza yeye alikuwa akilala garini. Filamu yenyewe ni ya mahindi, wakulima wawili. Akaongeza kwamba mmoja wao yu hai: Mama Peris, wa Matulo, karibu na Webuye.

Yu hai! Karibu nimwage chai. Wamarekani wana zulia jekundu. Mimi nitakuwa na stering mwenyewe, kwa miguu yake, ndani ya Kibomet! Na stering huyu hajafa. Kimutai aseme nini sasa?

Jumamosi, 4 Machi

Matulo. Mama Peris ni mwembamba, mrefu, na hanyamazi. Nilipomwambia ameshinda tuzo hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu mbona wamechelewa hivyo.

Anasema watu wa serikali walikuja akiwa mke mpya. Walimwambia apande mahindi mbele ya kamera, wakamwelekeza jinsi ya kurusha mbegu, naye akafanya walivyotaka. Filamu ilipoonyeshwa Matulo alikuwa kitandani, amejifungua Fridah siku ile ile. Hakuiona. Toka hapo watu wa Matulo wakimwona shambani hucheka, na yeye anajua ni wivu. Amengoja kujiona maisha yake yote. Akanishika mkono, akasema, "Kijana wangu, hata nikikufa wiki kesho, sasa ni sawa." Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Atakuja na kikundi chote cha akina mama wa kanisa lake. Gari zima! Mabenchi yatajaa!

Nilirudi nikitaka kuitazama kaseti, umeme ukawa umepotea. Si neno. Gazeti lilisema hata majaji wa Amerika wengine hawazitazami.

Jumapili, 5 Machi

Niandike haraka kabla furaha haijapoa.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Akina mama wa Matulo walikaa mbele na vitambaa vyeupe kichwani. Mary Ann alikaa pembeni, mkoba magotini. Wekoye mwenyewe alifunga kwake kwa kukosa watu, akaja kusimama mlangoni. Jogoo alifungwa kwenye mguu wa meza. Mama Peris alikuwa amevaa nguo ya Krismasi.

Nikatoa hotuba juu ya vilivyopuuzwa. Wacuka akaashiria nifupishe. Nikaweka kaseti.

Picha ikaja: rangi zimefifia, mvua ya mikwaruzo, halafu msichana mrefu na jembe, mzuri ajabu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Peris akajifunika mdomo kwa mkono. Kisha sauti ya mtangazaji ikasema, pole pole, kwa Kiswahili cha redio: Huyu ni mkulima mzembe.

Mungu wangu.

Ikaendelea. Mkulima mzembe hapimi mistari. Mkulima mzembe anarusha mbegu kama anayelisha kuku. Na mkulima hodari, mwanamume mwenye kofia, anavuta kamba yake, anapanda kwa nafasi, anamtikisia kichwa. Wekoye akacheka. Peke yake, lakini akacheka.

Mama Peris akainuka. Hakunigeukia mimi, aliigeukia televisheni. Akaiambia alipanda vile kwa sababu waliomwelekeza walimwambia apande vile, na kwamba yeye amelisha watoto saba kwa mahindi hayo hayo anayotukaniwa. Sauti yake ikakatika. Akasema kumbe ndiyo sababu walikuwa wakicheka. Miaka yote hiyo.

Sijawahi kujiona mdogo hivyo. Nilikuwa nimemtoa mama wa watu Matulo, na nguo ya Krismasi, aje kutukanwa mbele ya kanisa lake.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikazima sauti. Nikarudisha kaseti mwanzo, nikapanda juu ya kreti ya soda, nikaanza kutafsiri kwa makelele kama yule mtu wa Wekoye. Tazameni, watu wa Kibomet! Huyu ndiye mkulima hodari! Anarusha mbegu kwa imani, kila punje ichague makao yake! Na yule mwenye kofia? Mwoga! Anapima ardhi kwa kamba kama anayegombania mpaka na ndugu yake! Yakaja mavuno. Mahindi ya Mama Peris yalikuwa madogo kama vidole. Nikapaza sauti zaidi: Mahindi ya kweli ni madogo, utamu wote umekaa pamoja! Yale makubwa ya mwenye kofia ni maji matupu! Mwenye kofia akamtikisia tena kichwa, nikasema tazameni, anasikitika, anaomba mbegu!

Paa karibu litoke. Kimutai akasimama juu ya benchi. Mama Peris alibaki wima, anatazama, na nikaona uso wake ukilegea kidogo kidogo, mpaka ukafanana na wa yule msichana kwenye picha. Mwisho akacheka. Akaiambia televisheni, "Sasa umesema ukweli!"

Nikampa jogoo. Alitoa hotuba ndefu, nusu Kiswahili nusu Kibukusu, akishukuru Mungu, Mzee Wepukhulu, na mvua za mwaka ule. Wenzake wa Matulo walikuwa wakipiga makofi huku wanatazama chini. Nadhani walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakicheka. Mmoja akaja akambebea jogoo.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaenda nyuma ya ukumbi nikalia kidogo. Mary Ann alinikuta hapo, akaniambia bwana wa mbolea atafutiwe kwingine, chumba ni changu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema hajawahi kuona filamu yenye mafundisho kama hii.

Wacuka amepika pilau. Hakuuliza habari za jogoo.

Jumanne, 28 Machi

Mvua ya kweli imefika. Kitale nzima inanuka udongo. Ukumbi unajaa kila siku, filamu ya Mama Peris inaombwa kuliko zote, nami natafsiri hadi koo linakauka. Wekoye ameniomba nimwazime kaseti. Nimemwambia nitafikiria.

Leo asubuhi Wacuka aliingia amevua viatu vya matope, akaniambia, "Baba Wamboi, umeona shamba la Mary Ann?" Kumbe Mary Ann ametupa kamba zake. Ana ekari zile zote za kuelekea mtoni, na wafanyakazi wake wanatembea wakirusha mbegu kama wanaolisha kuku. Ameacha na mbolea. Wacuka akasema niende nimwambie ukweli leo, kabla mbegu hazijaota, au mwaka huu yule mama atavuna aibu na sisi tutahama.

Nikaenda. Kwa kweli nilikuwa nimeshika ukweli mdomoni. Mary Ann alinikuta kwenye ua, akiwa na buti, mwenye furaha kama msichana. Akaniuliza: ati punje zirushwe juu sana au chini chini? Nikafungua mdomo, na nikasikia ile sauti ya kreti ya soda ikimjibu juu sana, Mama, juu kabisa, zipate hewa. Akaniita mwalimu. Akanipa debe la mbegu iliyobaki, kwa shukrani.

Nilisimama hapo muda mrefu nikitazama. Wafanyakazi wanarusha, mbegu zinameta, kunguru wanafuata nyuma. Picha nzuri sana. Na nikaanza kufikiri. Mary Ann ana trekta. Mary Ann ana ng'ombe wa gredi, na hesabu za kanisa ziko mikononi mwake. Mtu kama huyo hawezi kupanda hivyo bila sababu.

Nimerudi nyumbani, nimeng'oa vijiti vyote vya mistari ambavyo Wacuka alichomeka katika shamba letu. Kipande cha juu nimeshamaliza kurusha. Kesho, akienda sokoni, namalizia cha chini.