Oili Nusu, Harusi Nzima

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimepata nafasi! Mama Soipan wa kule Kisaju, mwenye bustani ya harusi, anatafuta fundi wa kutunza mashine yake ya kukata nyasi. Ile ya kukaliwa kama trekta ndogo! Jumamosi binti yake mwenyewe, Namunyak, anaolewa hapo hapo bustanini. Mvua imenyesha, nyasi zimefika magotini, na mashine inataka kubadilishwa oili. Wachira, fundi jirani yangu hapa Kitengela, amemwambia kazi hiyo itachukua kutwa nzima. Ati injini ipashwe moto, nati ya chini ifunguliwe, oili yote itoke, filta mpya iwekwe. Yote! Wachira anapenda kutesa wateja.

Mimi nitapitia juu. Lile tundu la kijiti cha kupimia. Nanyonya kidogo, naongeza mpya, kwisha kazi. Tayari nimeipa jina: Oili Chapchap! Nimeenda agroveti, duka la dawa za mifugo, nikanunua bomba la kunyweshea ng'ombe dawa ya minyoo, nikalifunga mpira mwembamba mdomoni. Syokau, mke wangu, ameniuliza ni ng'ombe wa nani mgonjwa. Wavumbuzi hawaeleweki nyumbani kwao.

Jumanne, 4 Novemba

Ushindi! Nilimwambia Mama Soipan aweke chai jikoni, na kabla haijachemka nitakuwa nimemaliza. Akacheka, akaweka.

Sikuwasha injini. Kupasha moto ni mambo ya Wachira. Kumbe oili baridi ni nzito kama asali! Ilikuja shingo upande. Nusu bomba. Nusu nyingine. Mara nikasikia sufuria imeanza kuimba. Hofu! Nikaacha kunyonya, nikamimina chupa mpya yote, nikachomoa kijiti. Oili inang'aa! Ni kweli ilikuwa imepita alama ya juu, tena kwa mbali. Lakini alama hiyo iliwekwa na watu wa nchi za baridi.

Mama Soipan akapiga makofi. Kazi ni yangu! Na Jumamosi mimi ndiye nitakata nyasi za mbele ya jukwaa.

Nikirudi nilimpitia Wachira, nikamsimulia polepole ili aumie vizuri. Akauliza nimetoa oili kiasi gani na nimetia kiasi gani. Nikamwambia siri za biashara hazitolewi barabarani. Akasema oili ikizidi inaua injini sawa na ikipungua. Wivu mtupu!

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeijaribu mashine. Moshi kidogo. Sawa, si kidogo. Mama Soipan alitoka ndani akiuliza kama kuna kitu kinaungua. Nikamweleza ni uchafu wa zamani unaaga. Akaukubali ufafanuzi huo, ingawa alifunga madirisha.

Syokau amekutana na Wachira sokoni. Amerudi na ujumbe: nipunguze oili kabla ya harusi. Akaongeza wa kwake, kwamba nisimwaibishe mama wa watu mbele ya wageni. Nimeudhika. Lakini mimi ni mtu wa kusikiliza, kwa hiyo nilirudi Kisaju nikatoa mabomba mawili.

Halafu nikaona itakuwa aibu kuacha pengo. Nikatia mabomba mawili ya oili mpya.

Sasa imebadilishwa mara mbili kwa wiki moja! Hakuna mashine nyingine Kajiado nzima inayotunzwa hivi.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikiwa chumbani. Mlango nimeufunga.

Mambo yalianza vizuri sana! Nilivaa tai. Wageni wa mapema walikuwa wamekaa, wazee na shuka zao nyekundu mstari wa mbele, kwaya pembeni ikijaribu sauti. Zulia jeupe la bibi harusi lilikuwa limetandikwa. Palibaki kipande cha nyasi kando ya zulia hilo. Nikapanda. Nikapunga mkono. Watu wakapunga! Sijawahi kujisikia mkubwa hivyo.

Nikawasha injini, nikakoleza moto.

Moshi mweupe! Si wa kuaga huu, ulikuwa umekuja kukaa. Ukameza kwaya, sauti ya pili ikakohoa, ya kwanza ikakimbia. Ukameza jukwaa. Nikasikia mzee mmoja akiuliza kama hema limeshika moto, na viti vikaanza kuanguka. Nilijaribu kutoka hapo haraka, lakini sikuona mbele, nikapanda juu ya zulia. Injini ikapiga chafya, ikazima. Katikati kabisa. Oili ikaanza kutiririka kwenye zulia jeupe.

Moshi ulipopungua, Namunyak alikuwa amesimama mwisho wa zulia na shela lake, ameshika mkono wa baba yake. Ananitazama. Mimi nimekaa. Bado nimeshika usukani.

Wazee walivua shuka, wakaisukuma mashine mpaka nyuma ya choo, mimi bado nikiwa juu yake. Namunyak akainua gauni, akalizunguka doa, akaendelea na safari yake huku mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Syokau anasema alikuwa anacheka.

Mama Soipan alinifuata huko nyuma. Hakupaza sauti. Alisema, "Fundi, uliniambia chai haitachemka. Sasa mimi ndiye nimechemka."

Jumatatu, 10 Novemba

Wachira ameitwa Kisaju. Nami nimeitwa, kushika beseni.

Aliiweka mashine mahali tambarare, akasafisha lile tundu la hewa lililojaa oili, akaiwasha kidogo tu ipate joto. Akazima, akafungua nati ya chini. Ilitoka oili nyeusi kama lami! Ikaja, ikaja, beseni likajaa mpaka vidole vyangu. Chini kabisa kulikuwa na matope mazito. Oili yangu yote ya kung'aa ilikuwa imeelea juu ya matope hayo. Akaweka filta mpya, akatia oili kidogo kidogo, akipima kila mara. Injini ikawaka. Hakuna moshi hata wa sigara moja.

Nilingoja anicheke. Hakunicheka. Alisema tu, "Ndambuki, uliiosha uso ukaiacha bila kuoga." Akasema hata kubadilisha nusu kunaweza kusaidia kwa dharura, mradi kinachoingia kisizidi kilichotoka.

Mama Soipan alimletea chai. Mimi alinipita. Hilo liliniuma kuliko zulia.

Jumanne, 11 Novemba

Nimelala, nimewaza, nimeelewa! Nimejifunza mengi sana kutokana na jambo hili.

Kosa halikuwa Oili Chapchap. Kosa lilikuwa mashine ya kukata nyasi! Inatembea mbele za watu. Ina kiti. Fundi anaonekana. Nilihitaji kitu kinachokaa mahali pamoja, nyuma ya nyumba, mbali na zulia.

Jenereta!

Asubuhi nimempigia Pasta Ledama wa Isinya. Jumapili ana mkutano mkubwa wa injili, na jenereta lake halijabadilishwa oili tangu mwaka jana. Nimemwahidi nitamaliza kabla kwaya haijamaliza wimbo mmoja. Amefurahi, amesema Mungu anibariki. Syokau ameketi hapa amejishika kichwa, anauliza, "Na likizima katikati ya maombi, Baba Roy?"

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Wakati wa maombi watu wote watakuwa wamefumba macho.