Malkia Asiende Buchani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Malkia amezaa! Nguruwe wangu, mzao wake wa kwanza. Wanane. Wawili hai, sita wamekufa, wengine wakavu, weusi, wadogo kama kiganja changu. Nililia. Baba akasema jike asiyezaa vizuri ni nyama, na Jumamosi anaenda buchani Othaya. Haiwezekani!

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mpango. Nguruwe wa kina Phyllis, jirani na mpinzani wangu darasani, alizaa wiki tatu zilizopita. Niliazima watoto watano, kwa ahadi ya kumwandikia Phyllis insha ya likizo. Nikawalaza kwa Malkia, nikamwita Baba aone muujiza. Akatazama sana. Akauliza, ati hawa wa jana wamenyonya nini hadi wakatoshana na paka? Mama alicheka akashika ukuta. Nimewarudisha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempigia daktari wa mifugo kwa simu ya Mama, kwa sauti nzito. Nikasema mimi ni Mzee Gathogo, yaani Baba. Akajibu sawa, mzee, atafika kesho, na mzee asisahau kazi ya shule ya likizo. Amejuaje?

Alhamisi, 7 Agosti

Daktari Nasirumbi! Alisugua buti zake kwa dawa kabla ya kuingia zizini, na tena alipotoka. Sijaona mtu nadhifu hivyo. Aliwapanga waliokufa kwa ukubwa, akamwambia Baba kwamba Malkia hana kosa. Ni virusi vya parvo, vinavyoua watoto tumboni huku mama akionekana mzima. Sasa Malkia ana kinga. Mzao ujao utakuwa mzuri. Ila virusi huishi zizini kwa miezi, na husafiri kwa viatu, samadi na mizoga. Hatari ni kwa majike wenye mimba ya kwanza ambao hawajachanjwa. Akaagiza mizoga izikwe yote. Baba alikuna kichwa, akasema basi, Malkia abaki. Baba yangu!

Jumamosi, 9 Agosti

Malkia anakula, hajaliwa! Nitakuwa kama Daktari Nasirumbi. Nimeanza leo. Kina Phyllis wana jike mwingine, mwenye mimba ya kwanza, hajachanjwa. Sikupoteza hata dakika: nilitoka zizini kwetu na buti zangu, moja kwa moja hadi ndani ya zizi lao, kuwaonya. Nilikuwa nimefukua mzoga mmoja kwa ajili ya somo. Niliuweka kwenye hori, mbele ya jike, ili kila mtu aone vizuri. Phyllis alitazama mzoga, kisha buti zangu. Kesho, baada ya kanisa, nina mazizi manne zaidi.