Taa Zilizokataa Kufa

Injinia, cheo alichojipa mwenyewe bila kumsumbua mwalimu yeyote, alipoona nyumba ya wageni yenye taa arobaini za wati kumi na mbili, alijua riziki imejileta. Shemeji yake mwenye duka alikuwa amemwekea sharti: lete taa arobaini za maana, nikupe rafu yako dukani, uachane na kuzurura juani. Injinia aliitamani rafu ile kuliko alivyowahi kumtamani mke.

Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye miwani, alimsikiliza mlangoni.

“Taa haifi kwa uzee, mama, inakufa kwa joto. Mimi naipunguzia umeme, inapoa, inadumu miaka.”

“Na mwanga je?”

“Unapungua kidogo tu. Hata binadamu akila kidogo huishi zaidi.”

“Basi mimi nilishazikwa,” mama akacheka. “Haya, fanya kazi yako.”

Tuseme haki: kuhusu joto hakudanganya. Uongo mtupu haununuliki; sharti uchanganywe na ukweli kidogo. Alijifungia stoo na sanduku lake, lenye taa arobaini za wati tano, bei ya kutupwa, maandishi ameyafuta kwa spiriti. Akafunga zake vyumbani, akabeba za mama. Kazi hiyo aliifanya mchana kweupe siku zote, maana jua likiwaka nani atapima mwanga wa taa? Hata za mama alizijaribu moja moja kwenye soketi ya barazani, juani. Zikawaka zote, naye akaridhika.

Shemeji alizijaribu ndani ya stoo ya duka, isiyo na dirisha. Akawasha ya kwanza. Wakatafutana kwa macho.

“Shemeji, hii taa inawaka au inatubu?”

Ya pili ikawa vilevile, na ya kumi, hadi ya arobaini. Rafu akapewa muuza betri.

Injinia alirudi kwa mama mbio, povu mdomoni. Alipofika mlangoni ndipo akili ilipomfikia: kulalamika ni kukiri.

“Nimepita kukagua kazi, mama,” akasema kinyonge.

“Kazi safi, mwanangu! Sasa wageni wanaonana sura. Taa zile fundi wangu alizifungua miaka mitatu iliyopita, akang’oa kidude kimoja kwenye kila moja, umeme ukapungua. Tangu hapo haziungui, wala hazimuliki. Nimeziombea kifo, wapi! Hata wewe nilikuruhusu nikitumaini utaziua. Na kutupa kitu kinachowaka, roho inaniuma.” Akashusha miwani. “Wewe umezipunguza mara ya pili, mwanga umeongezeka. Elimu hiyo umeipata wapi?”

Injinia alijiweka sawa kola ya shati.

“Ni kipaji tu, mama,” akasema.

“Mungu akuzidishie. Dada yangu naye ana nyumba ya vyumba sitini, giza tupu. Nimeshamwambia unakuja kesho.”