Vidole Vyeusi vya Mwalimu wa Kwaya

Jumatatu, 10 Juni

Nimeficha jambo. Kijiji kizima kinaamini niliacha sigara siku ya mazishi ya mke wangu, Pelagia. Niliapa mbele ya jeneza. Sikuacha. Navuta nyuma ya ghala la mahindi, kisha natafuna giligilani kuua harufu. Mzee anayesubiri kisu anaweza kudanganya watu, lakini karatasi aiambie kweli.

Kisu chenyewe ni cha ngiri ya kinena. Utumbo ukinaswa humo, nitakufa, daktari hakuzungusha maneno. Napasuliwa Alhamisi, mjini Kutaisi. Lakini daktari wa usingizi akigundua navuta, atanirudisha nyumbani niache kwanza. Niache! Afadhali ngiri.

Jirani yangu Varlam, besi wa kwaya, kanunua kibanio cha kupima oksijeni. Anakivaa kidoleni kama pete ya askofu. Jana mezani aliinua glasi, akatutakia afya, akatuonyesha asilimia yake tisini na saba. Mimi, akasema, nisijisumbue kupima. Eti nikikohoa natoa vumbi.

Jumanne, 11 Juni

Vidole viwili vya manjano kwa tumbaku. Limau limeshindwa.

Mkaza mwanangu Lamzira anamenya jozi, kokwa mbichi za kupika jemu. Ganda lile la kijani hutia weusi usiosikia sabuni. Wazo! Nikajitolea kumsaidia. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nikamenya mikono mitupu hadi jioni. Vidole vyote vyeusi, kucha pia. Manjano yamezikwa. Akili ninayo.

Alhamisi, 13 Juni

Daktari wa usingizi ni Eteri! Yule niliyemtoa kwenye kwaya ya shule nikisema hana sikio la muziki.

Akabana kifaa kidoleni. Kikasitasita, kikasoma themanini na mbili. Muuguzi akakimbilia mtungi wa oksijeni. Nikajua Pelagia ananiita.

Eteri akageuza kiganja changu, akacheka. Akaniambia kibanio kinapitisha taa mbili kidoleni, moja nyekundu, nyingine jicho haliioni. Damu iliyoshiba oksijeni huuachia wekundu upite; yenye njaa huumeza. Kifaa hutazama damu inayoruka kwa pigo la moyo, kikapiga hesabu. Jozi zangu zilikuwa zimeziba taa. Akabana kifaa kingine sikioni. Tisini na sita.

Nikashusha pumzi. Akaninusa.

“Mwalimu, giligilani ni ya kuku. Mapafu hayadanganyiki.”

Lakini kifaa hudanganyika, akasema. Sumu ya moshi hukalia kiti cha oksijeni ndani ya damu, na taa zikaiona nyekundu ileile. Hiyo tisini na sita nisiitambie. Akachoma mshipa wa kiwiko cha mkono, damu ikapimwa kwa mashine nyingine. Nilisubiri kama mtoto aliyevunja chungu. Akarudi: inatosha. Ila hakuna nusukaputi. Sindano ya ganzi mgongoni, na dawa kidogo ya kunituliza.

Basi nikapasuliwa macho yakiwa wazi. Kifaa kiliita kila pigo la moyo. Dawa ikanilegeza, tamu kweli. Mlio ukaanza kushuka. Nusu sauti. Nusu nyingine. Mpasuaji alikuwa akisimulia raga, hakusikia kitu. Nilitaka kusema, ulimi ukagoma. Eteri alikuwa ametupa mgongo, anavuta dawa kwenye sindano. Akageuka hata kabla ya kutazama namba, akaniinua kidevu.

“Mwalimu, pumua. Unashuka sauti.”

Maneno yangu mwenyewe ya kwayani! Barakoa ikaja, nikavuta hewa, mlio ukapanda hadi pale unapostahili. Baadaye akasema kifaa kimetengenezwa hivyo makusudi, oksijeni ikishuka mlio nao ushuke, daktari asikie kabla jicho halijaona midomo ya bluu. Jicho huchelewa.

Hana sikio, nilisema. Nikamwomba radhi. Nikaapa pia kuacha sigara.

Jumapili, 16 Juni

Nyumbani. Hai! Ngiri imekwisha, Lamzira ananilisha mchuzi wa kuku huku akilia, ndege wanaimba ovyo na sioni kosa.

Varlam kaja na kibanio chake. Vidole bado vyeusi, akanivua soksi, akabana kidole cha mguu. Yeye tisini na saba. Mimi tisini na sita. Akasema tena ile habari ya vumbi.

Nikaaga kwenda chooni. Polepole, nimeshika mshono. Niliporudi nikanyoosha mguu mwenyewe.

Tisini na nane.

Varlam kakigonga kibanio, kakitazama tena. Kisha akainua glasi kwa afya yangu, nami nikainua yangu, nikitafuna giligilani.

Zile mbili za ziada ni moshi.