Sahani ya Mchelewaji

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeanza rasmi vita vya kumrithi Bi Mwiko. Kimyakimya, bila shaka. Usoni ninatabasamu.

Bi Mwiko alikuwa mpishi mkuu wa kantini yetu hapa kiwanda cha magodoro. Alifariki mwezi uliopita, Mungu amlaze pema, akaacha nafasi moja na wagombea wawili: mimi na Shemeji. Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Ndiye aliyeniombea kazi hii, na hunikumbusha kila anaponikuta nimekaa. Meneja ametangaza kwamba Ijumaa kila mmoja wetu atapika viazi vya kuponda kama vya marehemu. Atakayeshinda ndiye mkuu. Atakayeshindwa atapelekwa kwenye chumba cha kukatia sponji. Sponji hunipigisha chafya mpaka machozi. Na mke wangu atanicheka hadi uzeeni. Ni lazima nishinde.

Viazi vya Bi Mwiko havikuwa na mpinzani. Laini, vyeupe, vinateleza kooni bila kuomba ruhusa. Watu wazima na heshima zao walikuwa wanalamba sahani.

Nimejaribu leo. Nikachemsha viazi, nikavitia kwenye blenda ili niokoe muda. Nikapata gundi. Fundi wa cherehani alisimika kijiko katikati, akageuza sahani juu chini. Hakikuanguka kitu. Akauliza kwa adabu kama avipeleke kule wanakobandika vitambaa. Nimekula za uso.

Shemeji hakucheka. Alichota upawa wa kwanza wa viazi vyake, akauweka kwenye sahani, akafunika kwa sahani nyingine, akaiweka kwenye rafu ya dirishani. Sahani ya mchelewaji. Huo ni utaratibu wa Bi Mwiko: upawa wa kwanza ni wa yule ambaye bado yuko kwenye mashine. Asipotokea mtu, chakula kinamwagwa. Mpishi haruhusiwi kukigusa. Siagi yote ile, inamwagwa! Nikiwa mkuu, utaratibu huo utakuwa wa kwanza kufutwa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimelamba dume.

Asubuhi nilichemsha viazi, nikamwaga maji, nikaenda stoo kutafuta maziwa. Nikakawia kidogo, maana stoo kuna kiti. Niliporudi, viazi vilikuwa vimeshapondwa. Sufuria imejaa, inatoa mvuke, juu imelainishwa kama shuka iliyotandikwa. Mwiko ulikuwa umelazwa pembeni. Niliushika. Mpini ulikuwa na joto la kiganja.

Jikoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya karafuu tu. Bi Mwiko alikuwa akitafuna karafuu kutwa nzima, kwa ajili ya jino lake. Nilimuuliza Shemeji, aliyekuwa uani anamenya vitunguu. Akasema hajaingia ndani tangu alipofika, tena akaniuliza kwa nini ninatetemeka. Nikamwambia ni baridi ya stoo.

Nikavipakua kama vyangu. Mtu akikuwekea ushindi mezani, utamuuliza jina? Bwalo zima lilinyamaza. Hakuna stori, hakuna kelele za sahani, midomo tu inakwenda. Fundi wa cherehani alifuta macho, akasema amemkumbuka mtu, ila hakusema ni nani.

Kwenye rafu ya dirishani palikuwa na sahani iliyofunikwa. Si mimi niliyeiweka. Nikaila yote, nimesimama nyuma ya mlango. Sijawahi kula kitu kama kile.

Nilipotoka getini, mlinzi alinitazama kama anayetazama barabara. Akamuuliza mwenzake kama yule msaidizi wa jikoni ameshaondoka, maana hajamwona. Mlinzi wa kulala kazini, huyo. Nyumbani nilikuta mke wangu amenifunikia chakula. Nikakaa, nikala. Yeye akatazama mlango, akasema huyu bwana leo anachelewa. Ananipiga vijembe siku hizi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimefanya uchunguzi. Nimechemsha viazi, nimemwaga maji, nimetoka na kufunga mlango. Kisha nikaweka sikio.

Kwanza kimya. Halafu mwiko ukaanza. Taratibu, bila papara, kama mtu anayembembeleza mtoto. Kukawa na mguno mdogo kila baada ya muda, ule mguno wa mtu mwenye mgongo mbovu. Nikachungulia kwenye tundu la ufunguo. Sikuona mtu. Niliona mvuke unapanda kutoka kwenye sufuria, ukifika katikati unagawanyika, unazunguka kitu, kisha unaungana tena juu yake. Nywele zilinisimama. Nikaogopa sana, nisijidanganye.

Kisha nikatulia, nikafikiri kama mwanamume. Msaidizi asiyedai likizo. Asiyeniombea kazi wala kunikumbusha. Nani mwingine ana mtu kama huyo? Nikaingia, nikasema ahsante kwa sauti ndogo, nikachukua sahani ya dirishani nikaila.

Mchana Meneja aliita majina. Akaita langu. Nikaitika. Akaita tena. Nikaitika kwa nguvu, mkono juu. Akasema basi, bado hajafika, akapita kwa mwingine. Nilisimama mbele yake kabisa! Nadhani ni mbinu ya kunipima uvumilivu kabla ya Ijumaa.

Jioni Shemeji alinijia. Alizungumza akitazama pembeni yangu kidogo, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akasema kama ni mimi ninayekula sahani ya mchelewaji, niache leo leo. Akasema Bi Mwiko aliwahi kumweleza kwamba anayeila bila kuchelewa, uchelewaji unamfuata yeye, na watu watamngoja mpaka wachoke. Alininong'oneza kwa upole, akaniita shemeji yangu, akasema dada mtu hataweza kumwambia mdogo wake habari kama hiyo. Macho yake yalikuwa mekundu.

Vitunguu. Na wivu. Anajua sahani ile ndiyo nguvu yangu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Simu yangu imeharibika. Nilikuwa nimesimama sebuleni, mke wangu yuko mbele yangu, akachukua simu akanipigia. Ikalia mfukoni mwangu. Nikapokea, nikamwambia niko hapa, mama, geuka. Akasema halo. Akasema halo tena. Nilikuwa ninamsikia kwa masikio yote mawili, moja la simu na moja la kawaida. Akakata, akasema peke yake kwamba mtandao leo ni mbovu. Kesho kutwa niipeleke kwa fundi.

Kazini, viazi safi. Sahani safi. Nimeila polepole leo, nimekaa, maana hakuna anayeniuliza kitu. Wanapita tu. Mmoja alitaka kukalia kiti nilichokikalia, nikaruka. Wameanza kuniogopa, dalili nzuri kwa mkuu mtarajiwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

NIMESHINDA.

Meneja alionja vya Shemeji, akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri. Alionja vyangu, akaweka kijiko chini. Kisha akasema hivi ndivyo vyenyewe, huyu ndiye mpishi mkuu, aitwe aje hapa apongezwe. Wakapiga makofi. Nikasogea mbele, nikainama, nikasema maneno machache niliyoyaandaa kuhusu bidii.

Makofi yakaendelea, kisha yakapungua, kisha yakaisha. Watu wakaanza kutazamana. Meneja akauliza yuko wapi. Mlinzi akasema hajamwona tangu Jumanne. Fundi wa cherehani akasema labda yuko stoo, huwa anapenda stoo. Nikapanda juu ya kiti. Nikapaza sauti mpaka ikakwaruza. Meneja akasema tutamngoja, nafasi ni yake, akifika tu aanze. Kwa sasa Shemeji ashike upawa.

Shemeji akaushika. Akachota upawa wa kwanza, akafunika, akaiweka sahani dirishani. Akasema hii ni ya shemeji yangu, akifika.

Nimefurahi. Angalau ametambua cheo changu. Watu walipotawanyika nikaila, maana safari hii nilitajwa kabisa kwamba ni yangu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kiwanda kimefungwa leo. Nimekuja tu, maana nyumbani hakukaliki.

Asubuhi mke wangu alikuwa amekaa mezani na chakula cha jana, bado kimefunikwa. Alikuwa analia bila sauti. Sijawahi kumwona analia kwa ajili yangu, na iliniuma, siwezi kusema uongo kwenye shajara yangu mwenyewe. Nikamwekea mkono begani. Akashtuka, akainuka akafunga dirisha, akasema kuna baridi. Nikasimama pale mpaka nikaona aibu, nikaondoka.

Jikoni kulikuwa na moto umewashwa. Harufu ya karafuu. Na mbele ya sufuria, amenipa mgongo, kanga kiunoni na mwiko mkononi, amesimama Bi Mwiko.

Hakugeuka. Akasema nimefika, basi, na ameningoja sana. Mtu wa kwanza kuniona wiki hii! Nilitaka kumkumbatia, ila nilikumbuka kwamba amekufa, nikabaki mlangoni. Akanisogezea karai la viazi kwa mguu, akasema nimenye. Nikauliza kama nitarudi nyumbani. Akasema hilo tulizungumze baadaye, kwanza viazi. Sauti yake haikuwa ya hasira. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Nimemenya. Amenifundisha yote, hatua kwa hatua, na mara hii nilitazama kwa macho yangu. Viazi vianzie kwenye maji ya baridi yenye chumvi. Vikiiva, maji yamwagwe, sufuria irudi motoni kidogo ili unyevu wote ukauke. Viponde vikiwa vya moto. Siagi kwanza, ienee kila mahali. Maziwa yawe ya moto pia, yaingie kidogo kidogo, na mkono usiwe na haraka, ukivipiga sana vinageuka gundi. Akauliza kama nimeelewa kwa nini upawa wa kwanza si wetu. Nikasema nimeelewa, mama, nimeelewa sana, nimejifunza. Akanitazama kwa muda mrefu kwa macho yake yaliyotulia. Akasema vizuri, basi wewe ni msaidizi wangu.

Msaidizi!

Nimeshinda mbele ya kiwanda kizima, halafu msaidizi. Hapana. Nimemchunguza mchana kutwa. Mgongo ni mbovu, jino linamsumbua, na kila akiinama huguna. Hawezi kuendelea na kazi hii milele, ingawa muda anao. Huku hakuna Meneja wala Shemeji, ni yeye na mimi tu, na akiboronga mara moja, nafasi itabaki kwa nani? Amesema kesho tunapika tena.

Kwa kuanzia, nimeshaificha siagi.